Kontena Moja, Wenyewe Kumi na Wanne

Mwezi uliopita wenzangu wa ofisini waliniaga kwa biriani ya kuku na hotuba ya meneja, na katika hotuba ile akaniita "mstaafu wetu." Watu walicheka. Nina umri wa miaka thelathini na miwili, na ninaondoka ili nifungue darasa la kompyuta kwetu Kisauni, chumba kimoja chenye meza sita. Lakini jina limeshika. Salma na Baraka, ninyi mnaonirithi, mliponiomba niwaandikie mambo ya kazi "kabla mzee hajasahau," niliona bora nikubali tu. Mstaafu ana haki moja ambayo kijana wa kazini hana: anaweza kusema alikosea wapi bila kuogopa kufutwa.

Nywila mnazo. Mchoro wa mfumo mnao, tena nimeuchora mara nne, mnanijua. Vyeo na mshahara sitavigusa kwa sababu havikunifundisha kitu. Nitawaandikia habari ya ufunguo. Si ule wa mlango, ingawa huo nao mlikuwa mkiniona nikirudi kuukagua mara tatu kabla ya kupanda tuktuk.

Niliingia ofisi ile ya Changamwe, hapa Mombasa, kama mpiga skani. Kwa atakayesoma haya bila kutujua, kazi yetu ni kutoa mizigo ya watu bandarini. Mingi hutoka Ghuba, na mingi haijazi kontena zima. Mtu anatuma friji, mwingine majora ya kitambaa, mwingine vipuri vya gari, vyote vinapakiwa kontena moja na kuja pamoja, kila mwenyewe na hati yake ndogo ya shehena. Siku hizo hati zilikuwa karatasi ndani ya maboksi, na maboksi yalifika dari. Mteja akija kuuliza mzigo wake, alikaa kwenye benchi na sisi tukapanda ngazi. Kuna mama mmoja alimaliza kusuka ukili wa mkeka mzima pale benchini.

Siku yangu ya kwanza nilipelekwa godauni nikajulishwe kwa Bwana Shee, karani wa godauni, mtu wa Likoni, kofia ya kushonwa kwa mkono na kipande cha chaki nyuma ya sikio.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Waitwa nani?"

"Kadzo."

"Kadzo wa nani?"

"Kadzo tu."

"Kadzo Tu!" Akawageukia wachukuzi. "Jamani, mgeni wetu huyu ni bi Kadzo Tu. Ukoo wa kina Tu, si mnawajua?"

Waliniita Kadzo Tu kwa mwaka mzima. Hakujua, na mimi sikumwambia, kwamba katika kila fomu niliyojaza tangu shule ya msingi, palipoandikwa jina la baba mimi huchora kistari. Mkono umezoea. Lakini kila mara nauona mstari ule kama jino lililong'oka.

Kazi hii ya programu sikuisomea darasani. Niliisoma saa ya chakula cha mchana, kwa kompyuta kuukuu ambayo kibonye chake kimoja kilikuwa kimetoka, nikibonyeza kidude cha mpira kilichobaki. Aliyejifunza peke yake huwa na ugonjwa wa kudhani kwamba waliosoma chuoni wanajua kitu kimoja kikubwa ambacho yeye hakuambiwa, na kwamba siku moja kitu hicho kitamwangukia mbele za watu. Kwa hiyo nilikagua kila kitu mara tatu. Tatizo ni kwamba nilikagua nilichokijua. Nisichokijua sikukikagua hata mara moja.

Mwaka wa tatu nilimwomba meneja anipe nafasi nitengeneze utafutaji. Hati zote tulikuwa tunazipiga skani. Kwa nini bado tupande ngazi? Nikachukua programu ya bure ya kutafutia hati, nikaiweka kwenye seva yetu. Programu ya namna hii hutengeneza faharasa, kama ile ya nyuma ya kitabu: unaandika neno, inakwambia liko hati gani. Lakini kila hati inayoingia lazima ipewe ufunguo, yaani jina lake la pekee ambalo hati nyingine haina. Na hapa ndipo penye jambo ambalo naomba mlisome polepole. Hati mpya ikiingia na ufunguo ambao tayari upo, faharasa haipigi kelele. Haiulizi. Inaamini kwamba ni hati ile ile imeletwa upya ikiwa imesahihishwa, basi inaitoa ya zamani na kuweka mpya mahali pake. Ndivyo ilivyotengenezwa, na ni tabia nzuri, ukiwa umechagua ufunguo vizuri.

Mimi nilichagua nambari ya kontena.

Msinicheke bado. Nambari ya kontena ni herufi nne na tarakimu saba, na duniani kote hakuna makontena mawili yenye nambari moja. Nilisoma hivyo, nikahakikisha, nikahakikisha tena. Nikajaribu kwa hati arobaini nilizozichagua kwa mkono wangu, zote za wateja wakubwa wanaojaza kontena zima, kwa kuwa ndizo zilizokuwa safi na rahisi kusomeka. Zote arobaini zikapatikana. Nikalia kidogo chooni, kwa furaha.

Kisha nikaingiza hati zote. Zilipokwisha, nikalinganisha idadi: faharasa ilikuwa na hati chache kuliko zile zilizokuwa kwenye folda. Chache kwa mamia. Nataka mjue nilifanya nini, kwa maana hili ndilo ungamo lenyewe, mengine yote ni maelezo. Nilifurahi. Niliona kwamba mpiga skani wa kabla yangu alikuwa akipiga karatasi moja mara mbili mbili, na kwamba mfumo wangu, kwa uerevu wake, umesafisha takataka zake. Katika ripoti kwa meneja nikaandika: marudio yote yameondolewa.

Meneja akaamuru maboksi yahamishiwe stoo ya juu. Kuanzia hapo sheria ya ofisi ikawa moja: isipoonekana kwenye utafutaji, haikupitia kwetu. Bwana Shee alisimama mlangoni akiyatazama maboksi yakipita.

"Na hiyo televisheni yako ikikosea?"

"Haikosei, Bwana Shee. Inajibu ilichoingiziwa."

"Ahaa," akasema. "Kama mtoto wa shule."

Wiki ile ile akaenda kupasuliwa mtoto wa jicho, akakaa nyumbani muda mrefu, na hakukuwa na mtu mwingine wa kunibishia.

Ndipo alipokuja Mama Rukia. Alivuka feri kutoka Mtongwe, upande wa Likoni, na bahasha ya plastiki kwapani. Dada yake aliyeko Muskati alikuwa amemtumia mashine tatu za kufuma masweta. Wanawake wanne wa mtaa walikuwa tayari, chumba kimekodiwa, na shule mbili zilikuwa zimeahidi kuwapa kazi ya masweta ya wanafunzi kama yatakuwa tayari kabla ya shule kufunguliwa Januari. Ndiyo, masweta, Mombasa. Nami niliuliza.

"Shule imeandika sweta, mzazi anunua sweta," akanijibu. "Joto ni la mtoto, si la mwalimu mkuu."

Nikaandika jina lake. Hakuna. Nikaandika nambari ya hati ndogo aliyokuwa nayo kwenye picha ya simu. Hakuna. Nikaandika nambari ya kontena. Ikatoka hati moja, ya mfanyabiashara wa vigae.

"Mama, mzigo wako haukupitia kwetu. Jaribu mawakala wengine."

Akaenda. Baada ya wiki mbili akarudi, amezunguka kote hadi Kipevu, na wote wamemrudisha kwetu. Nikamtafutia tena mbele yake, nikamgeuzia kioo aone mwenyewe. "Umeona, mama? Haupo." Na nikatabasamu, lile tabasamu la adabu la mtu wa mapokezi. Natamani ningeweza kulifuta lile tabasamu, lakini hilo halina ufunguo.

Kumbe katikati ya hapo nilikuwa nimefanya jambo jingine. Mzigo ukikaa kupita siku zilizowekwa bila mwenyewe kujitokeza, huingia katika orodha ya mnada wa forodha. Kila mwezi godauni hutaja mizigo iliyobaki, na ofisi hutafuta wenyewe wake kwenye hati. Mwezi ule nilitafuta mimi. Palikuwa na mabunda matatu yasiyo na hati. Nikayaandika: mwenyewe hajulikani. Nikatia sahihi.

Mama Rukia alirudi mara ya tatu Ijumaa moja asubuhi, na asubuhi hiyo hiyo Bwana Shee alikuwa amerejea kazini, amevaa miwani myeusi mikubwa kama mwimbaji wa taarabu. Alinisikia nikianza, "Mama, kama nilivyokwambia," akaingilia.

"Ngoja. Mama, mzigo ni nini?"

"Mashine tatu za kufuma, babangu."

"Kontena?"

Akamsomea.

"Kontena ninalijua. Safari ipi? Dadako alipakia meli ya kabla ya Ramadhani au baada yake?"

"Baada."

"Na hati yako ndogo yaishia ngapi?"

Akamsomea tena. Bwana Shee akatoka kwenda godauni. Aliporudi alikuwa amevua miwani na macho yake mekundu yananitazama mimi. "Njooni."

Godauni, nyuma kabisa, palikuwa na mabunda matatu yaliyofungwa nailoni ya buluu. Ubavuni mwa kila moja palikuwa na alama tatu za chaki, moja chini ya nyingine. Juu ya chaki palikuwa na karatasi nyekundu: mnada, Jumatano.

"Nani aliyebandika hii?"

"Orodha ilitoka ofisini," mchukuzi mmoja akasema, akitazama viatu vyake.

"Orodha niliiandika mimi," nikasema. "Lakini Bwana Shee, kontena hili ni la vigae. Nimeliona mara mbili."

"Vigae!" Akapiga kofi paja lake. "Kontena hili mwaka huu nimelifungua kwa mikono hii mara tatu. Safari ya mwisho lilikuwa na watu kumi na wanne ndani. Kumi na wanne! Ewe mwana, kwani wewe ulidhani kontena likishushwa latupwa baharini? Ni sanduku. Lajazwa, laja, larudi, lajazwa."

Salma, Baraka, hapo ndipo nilipoelewa. Nambari ya kontena ni ya pekee, ni kweli. Ni ya pekee kwa sanduku. Nilikuwa nimelipatia sanduku jina na kudhani nimewapa jina watu waliomo ndani.

Wanaume walipokwenda kusali Ijumaa na ofisi ikanyamaza, nilikwenda kwenye folda. Hati kumi na nne za safari ile zilikuwepo zote, nimezipiga skani kwa mkono wangu. Katika faharasa ilikuwemo moja. Kila iliyoingia ilikuwa imeisukuma nje ya kabla yake, na mfanyabiashara wa vigae alikuwa wa mwisho mlangoni. Nikafanya hesabu kwa kontena jingine, na jingine. Yale "marudio" niliyoyaondoa yalikuwa watu.

Kisha, na hili sijawahi kulisema kwa mtu, nilikaa nikifikiria kurekebisha kimya kimya. Ningebadili ufunguo, ningeingiza upya, Mama Rukia ningemwambia hati yake imechelewa kufika. Hakuna ambaye angejua. Nilikuwa tayari nimeitunga sentensi yenyewe, tena ilikuwa sentensi nzuri.

Alikuwa bado benchini, akila viazi karai kutoka kwenye gazeti. Akanisogezea gazeti nichukue kimoja. Basi ile sentensi yangu nzuri ikanipotea.

"Mama, mzigo wako ulikuwa hapa siku zote. Mimi ndiye niliyekwambia haupo. Na mimi ndiye niliyeuandika mnadani."

Alitafuna hadi akameza. "Mara mbili."

"Mara mbili."

"Na ile ya pili ukanicheka."

"Sikucheka, mama. Nilitabasamu."

"Hiyo mbaya zaidi." Akafuta vidole. "Mamako nani, nijue wa kumshtakia?"

"Dama. Anauza nazi sokoni Kongowea."

"Na babako?"

"Hayuko kwenye fomu."

"Basi wewe ni Kadzo wa Dama. Nikikosa mashine zangu, nakwenda Kongowea, nauliza Dama wa nazi, namweleza mwanawe alivyonifanya. Haya, simama. Sasa utafanya nini?"

Nilikwenda kwa meneja nikamweleza yote. Naye akaniuliza swali lile lile la Mama Rukia. Alituruhusu kupeleka ombi forodha Jumatatu, tuutoe mzigo katika orodha.

Jumamosi nilishinda godauni na Bwana Shee. Nilimwomba anionyeshe chaki yake, ile niliyoipita kila siku kwa miaka mitatu nikiona ni uchafu. Alama ya juu ni tarakimu nne za mwisho za kontena. Ya kati ni safari ya meli. Ya chini ni hati ndogo ya mwenyewe.

"Kwa nini zote tatu?" nikauliza. "Hati ndogo peke yake haitoshi?"

"Kila mpakiaji huko Ghuba ana kitabu chake, na kila kitabu chaanza moja. Hati ndogo nambari tano ninazo hapa tatu." Akaninyooshea chaki. "Likoni nenda kasimame feri, ita Mwanaisha. Watageuka kumi. Ita Mwanaisha wa Ali, watabaki watatu. Ita Mwanaisha wa Ali wa Mtongwe, aja mmoja, tena kakasirika wamwitia nini. Siku ile nilikuuliza Kadzo wa nani, ulidhani nakuchunguza? Nilikuwa nakupa mahali pa kukuweka."

Basi ufunguo mpya nikauunda kwa vipande vitatu vilivyoungwa: kontena, safari, hati ndogo. Yafuatayo ni mambo ya fundi, lakini kila moja lilinitoa jasho.

Vipande msivibandike tu kimoja juu ya kingine. Safari 12 na hati 345 mkiziunganisha zinakuwa 12345. Safari 123 na hati 45 nazo ni 12345. Watu wawili, jina moja, mmoja anamfuta mwenzake, tumerudi pale pale. Wekeni alama ya kutenganisha ambayo haiwezi kupatikana ndani ya vipande vyenyewe. Mimi natumia kistari cha wima.

Na kipande kisiachwe kitupu. Anayejaza kontena zima hana hati ndogo, ana hati kuu tu. Nilikuwa nataka pale pa tatu pabaki wazi. Bwana Shee akakataa. "Asiye na hati ndogo tunamwandika kwa hati kuu. Mzigo hauwekwi bila jina kwa sababu umekosa jina ulilolitaka wewe." Nikaandika hivyo. Niliwaza pia kuhusu vistari vyangu kwenye fomu.

Hapo ningeacha, mambo yangekwisha. Lakini mimi ni mimi. Jumamosi ile jioni, kwa kuogopa kwamba vipande vitatu havitoshi, nikaongeza cha nne, siku hati ilipoingizwa, na cha tano, hali ya mzigo: umepokewa, hauna mwenyewe, mnada, una mwenyewe. Nikafuta faharasa, nikaingiza upya kila hati pamoja na kumbukumbu za hali zake zote, kazi iliyokwenda hadi Jumapili usiku, nikajiambia hakuna hati itakayopotea tena. Na kweli, hakuna iliyopotea.

Jumatatu mimi na Bwana Shee tukapeleka ombi Kipevu, ofisi ya forodha. Afisa wa forodha, mwanamke mpole mwenye sauti ya chini, akaifungua kumbukumbu yetu kwenye kompyuta yake, kwa kuwa forodha wana njia ya kuingia kwenye utafutaji wetu. Nikaona uso wake unabadilika.

"Mashine tatu za kufuma," akasoma. "Zimepokewa. Mashine tatu za kufuma, hazina mwenyewe. Mashine tatu za kufuma, mnada. Mashine tatu za kufuma, zina mwenyewe." Akainua macho. "Ni mashine tatu au kumi na mbili?"

"Tatu," Bwana Shee akasema.

"Na mwenyewe yupo au hayupo?"

Nikaelewa papo hapo. Kwa kuwa hali ilikuwa ndani ya ufunguo, kila hali ilipobadilika faharasa iliona hati mpya kabisa, na ile ya zamani ikabaki. Kwanza niliwafanya watu kumi na wanne kuwa mmoja. Sasa nilimfanya mmoja kuwa wanne.

"Nileteeni hati moja inayosema jambo moja," afisa akasema. "Kesho saa sita mchana naifunga orodha. Baada ya hapo sina uwezo."

Tukitoka, Bwana Shee hakunikaripia, na hilo lilinitisha kuliko makaripio. Tulipita kati ya malori yaliyopanga foleni, kisha akasema, "Mimi nikihama Likoni nikaenda kukaa Kisauni, naacha kuwa Shee?"

"La."

"Nikinenepa?"

"La, Bwana Shee."

"Haya."

Somo lote lilikuwa hilo. Katika ufunguo wekeni kile ambacho mzigo umezaliwa nacho na utakufa nacho. Kinachobadilika, kama hali, tarehe ya kuingizwa au mahali ulipo, kiandikwe ndani ya hati, si katika jina lake. Ukisahau kitu, jina litawatosha wengi. Ukizidisha, mmoja atakuwa na majina mengi. Kipimo ni kujiuliza: hati hii ikiletwa kesho imesahihishwa, nataka ikae juu ya ipi?

Ufunguo wa hati iliyokwisha kuingia haubadilishwi. Inabidi kufuta faharasa yote na kuingiza upya kutoka kwenye folda, na folda yetu ilikuwa kubwa. Nilianza Jumatatu alasiri. Jumanne saa nne asubuhi ilikuwa bado inakwenda, na nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti changu kwa kuwa kukaa kulinishinda. Mama Rukia alikuwa benchini. Alikuwa akifuma kitu kwa sindano za mkono.

Saa tano kasorobo ikamaliza. Nikalinganisha: hati zilizo kwenye folda, hati zilizo kwenye faharasa. Idadi ilikuwa ile ile, hadi hati ya mwisho. Sikufurahi. Nikafungua lile kontena. Wenyewe kumi na wanne. Mfanyabiashara wa vigae alikuwepo, wa kumi na nne, hana habari. Na mzigo wa Mama Rukia ulikuwepo, mmoja, una mwenyewe mmoja, naye ni yeye.

Pikapu ya ofisi ilikwama nyuma ya malori kabla ya geti. Tukashuka tukatembea, Bwana Shee mbele na miwani yake myeusi, Mama Rukia nyuma yake ameinua buibui kidogo asikanyage mafuta, mimi mwisho na karatasi nimeikumbatia. Afisa aliitafuta mwenyewe kwenye kompyuta kwanza. Akaona moja. Akachukua rula, akaweka juu ya mstari wa mabunda matatu katika orodha yake, akaukata kwa kalamu, taratibu, kama mtu anayekata kitambaa. Saa yake ya ukutani ilikuwa saa tano na dakika hamsini.

Baada ya hapo nilikaa wiki nzima na orodha ya wote ambao hati zao nilizimeza. Nikawapigia simu mmoja mmoja. Wengi walikuwa wamekwisha kupata mizigo yao kwa njia za zamani, kwa Bwana Shee na chaki yake, hata hawakujua walikuwa wamepotea. Wawili walikuwa bado wanatafuta. Mmoja alinitukana, na nilimsikiliza hadi salio langu likaisha. Kwenye ripoti ya zamani, pale nilipoandika marudio yameondolewa, nimeandika kwa wino mwekundu ni nini kilichoondolewa. Iko kwenye droo ya chini. Isomeni.

Mkiniuliza nini cha kukumbuka kuliko vyote, ni hiki: idadi isipolingana, msifurahi mpaka mmejua ni nani aliyekosekana. Na msijaribu kwa hati safi. Chukueni zile chafu kabisa, kontena lenye watu wengi, sanduku lililokuja mara tatu. Halafu nendeni godauni. Kila alama mnayoona pale iliwekwa kwa sababu siku moja kitu kilipotea. Bwana Shee amepumzika sasa, amestaafu kikweli, lakini anapita kila Jumanne kututukana, na chaki amemwachia Baraka.

Siku ya biriani Mama Rukia alikuja. Wanawake wanne sasa ni tisa, na mashine moja kati ya zile tatu imeanza kukohoa. Alinipa kifurushi. Ndani mlikuwa na sweta la kijani la kufumwa, zito, la mikono mirefu, katika joto lile.

"Nani avaa sweta Kisauni?" Bwana Shee akauliza, mdomo umejaa wali.

"Si la kuvaa. Geuza kola."

Nikageuza. Masweta ya shule yote yanafanana, na watoto huyavua wakicheza wakasahau ni la nani. Kwa hiyo, Mama Rukia akaniambia, tangu sweta la kwanza wao hushona ndani ya kila kola vitu vitatu kwa uzi mweupe: jina la mtoto, jina la mzazi, darasa. Wazazi wanasema ndiyo sababu wanarudi kwake.

Kwenye kola yangu palikuwa na maneno matatu, na kati ya neno na neno mshono mmoja mdogo wa wima.

Kadzo, Dama, Kisauni.

Hakukuwa na kistari hata kimoja mahali pa mtu. Sweta liko mbele yangu sasa ninapoandika, juu ya kiti, katika chumba chenye meza sita. Kesho wanafunzi wa kwanza wanakuja, na fomu ya kujiandikisha nimeitunga mwenyewe. Nafasi ya pili, pale ambapo fomu nyingine huuliza jina la baba, nimeandika tu: wa nani?